Sekunde Arobaini na Moja

Mjini Oulu, mwanzo wa Januari, saa tisa alasiri
na jua limekwisha kuaga.
Watu wanaingia duka la dawa wakikung'uta theluji
kama waliotoka kupepeta unga.
Nimekaa nyuma ya rafu ya vitamini,
saa ya kuhesabia mkononi, daftari pajani.
Riikka amenionya: usimsaidie mtu,
usitabasamu, usikohoe,
andika tu kidole kinakwenda wapi, kwa muda gani.

Mashine yetu ni mpya. Ina kioo kipana
na herufi nyembamba za kijivu
tulizozipenda sote pale ofisini
kwa macho yetu ya miaka thelathini.

Kijana wa kwanza: sekunde tisa.
Mama mwenye mtoto kifuani: kumi na nne.
Msichana mwenye glavu, mashine haikumhisi;
akavua moja kwa meno, akagusa, akaenda zake.
Kumi na sita.
Nikaona tumefaulu.

Kisha mzee mmoja
(Tauno Kinnunen, nililisoma jina baadaye
kwenye risiti aliyoiacha)
akaingiza kadi. Kioo kikamuuliza:
*Unamchukulia nani dawa?*
Majina mawili. Lake. La Lempi.
Kidole kikapanda, kikasimama hewani
kama cha mtu anayetaka kubisha hodi
nyumba aliyokwisha kuambiwa haina mtu.
Ishirini. Ishirini na tano.
Nikaandika: *haoni vizuri, herufi zikuzwe.*
Thelathini. Nikaandika: *hajui aguse wapi.*
Thelathini na nane, mashine ikaishiwa subira,
ikapiga mlio, ikawaka nyekundu:
*Hujachagua. Anza upya.*
Akarudi hatua moja, kofia kifuani,
akasema, "Samahani."
Akaliomba radhi sanduku la bati.
Arobaini na moja.

Mfamasia alimpa dawa zake kwa mkono,
akampeleka hadi mlangoni,
akaja kuniambia huku akipanga maboksi, bila kunitazama:
"Lempi tulimzika Novemba.
Mimi nilikuwa simwulizi."

Kitanda usichokilalia, kunguni wake huwajui.
Sisi tulikitandika, tukakipima kwa rula,
tukaenda kulala kwetu.

Jumatatu, mkutanoni, vijiti vya chati vimepangwa ukutani
vifupi vifupi, na kimoja kirefu.
Eerik akasema huyo tumtoe, anaharibu wastani.
Riikka alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.
Akauliza: "Aliomba radhi kwa sauti gani?"

Nikapekua daftari.
Safu ya kidole ipo, safu ya muda ipo, safu ya makosa ipo.
Ya sauti haipo.

Tulibishana wiki mbili.
Nyekundu tuliiondoa siku hiyohiyo, na mlio,
na neno *hujachagua*, maana alikuwa amechagua,
alichagua kusimama.
Herufi tukazikuza; hapo daftari halikukosea.
Lakini jina? Eerik alitaka lifutwe lenyewe,
mfumo unajua nani amekufa.
Riikka akasema: na siku akija kulitafuta?
Nani atamwambia kwamba limezikwa mara ya pili
na fundi ambaye hakualikwa msibani?

Basi mashine sasa inaanza na dawa zako wewe.
Majina mengine yako nyuma ya kitufe kidogo, *Wengine*,
na hakuna linalofutwa
mpaka mtu amwombe mtu.

Machi. Theluji imekuwa tope.
Amekuja, kofia ileile.
Sekunde kumi na mbili, dawa mfukoni.
Nikadhani kamaliza.
Akarudi, akagusa *Wengine*,
akasoma mstari mmoja, taratibu, midomo ikitikisika.
Mashine ikangoja. Haikuuliza kitu.
Akafunga, akatoka.

Safu ya muda nimeiacha tupu.
Eerik ataniuliza.